Kutunza uwanja na nyasi za nyumba yako ya kwanza, msimu kwa msimu

Ukishakabidhiwa funguo za nyumba yako ya kwanza, uwanja unaoizunguka nao ni wako, pamoja na magugu yake. Wengi hukimbilia kununua mashine ya kukata nyasi na mfuko wa mbolea wiki ile ile ya kuhamia. Nakusihi usianzie hapo. Udongo ukipitisha maji na hewa, na maji ya mvua yakiwa na njia ya kutoka, nyasi zitakusumbua kidogo sana. Hivyo viwili vikikosekana utapanda upya kila mwaka, na mbolea utakayonunua itaishia mtaroni.

Jambo jingine la kushika tangu mwanzo ni kwamba kazi ya msimu hufanywa kabla msimu haujafika. Mitaro huzibuliwa ardhi ikiwa kavu. Matawi yaliyooza hukatwa kabla ya dhoruba. Mizizi huandaliwa kwa ukame wakati mvua bado inanyesha. Kwa sababu hiyo sitakutajia miezi, maana mwezi wa mvua kwako huenda ni mwezi wa baridi kwa mwenzako. Nitataja dalili ambazo kila mtu anaweza kuziona kwa macho.

Hatua ya kwanza: chora ramani kabla ya kushika jembe

Chukua karatasi uchore nyumba, mipaka ya kiwanja, geti na miti iliyopo. Kisha weka alama za vitu vilivyofichika: bomba la maji limepita wapi, waya wa umeme umefukiwa upande gani, tangi la maji taka na chemba zake ziko wapi. Kama aliyekuuzia au fundi aliyejenga bado anapatikana, muulize sasa, kabla kumbukumbu haijafifia. Juu ya tangi la maji taka na mifereji yake panda nyasi tu. Mizizi ya miti na vichaka hufuata unyevu, huingia kwenye maungio ya mabomba, na kuitoa ni kazi ya kubomoa.

Siku moja isiyo na mawingu, toka nje asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kila mara chora kivuli kimefika wapi. Sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi inafaa kwa nyasi karibu zote. Sehemu isiyofikisha saa nne haitakupa nyasi nzuri hata uimwagilie vipi, na ni afadhali uikubali hivyo mapema. Rudia zoezi hili baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa jua huhama na kivuli cha nyumba huhama nalo.

Kisha subiri mvua kubwa ya kwanza. Vaa buti, shika mwavuli, zunguka nyumba. Angalia maji yanatuama wapi, yanakimbia wapi hadi yanabeba udongo, na kama kuna mahali yanaelekea ukutani. Nusu saa hiyo ya kutazama itakufundisha mengi kuliko ushauri wa jirani yeyote.

Hatua ya pili: yaondoe maji ukutani

Hili ndilo la haraka kuliko yote, maana nyasi zikifa zinapandwa tena, lakini msingi ukilowa mwaka hadi mwaka gharama yake ni nyingine kabisa. Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kuinama kutoka ukutani, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Kupima ni rahisi. Funga kamba kwenye msumari ukutani, ivute hadi kigingi kilicho umbali wa mita 3, inyooshe kwa pima maji, kisha pima kimo kutoka kwenye kamba hadi chini katika ncha zote mbili. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwinamo wako. Kama haitoshi, ongeza udongo karibu na ukuta na uushindilie. Tumia udongo mzito, usitumie mchanga, kwa sababu mchanga utayapitisha maji moja kwa moja hadi kwenye msingi.

Udongo huo usipande hadi kufunika matundu ya hewa ya ukuta au kukaribia sakafu. Acha kama sentimita 15 za msingi zionekane. Zinazuia unyevu kupanda, na zinakuwezesha kuona njia za udongo za mchwa mapema, kabla hawajafika kwenye mbao.

Safisha gata za paa mwishoni mwa kiangazi, kabla wingu la kwanza halijatanda. Majani makavu yakiziba humo, maji humwagikia ukutani, na shimo linalochimbika chini yake utaliona kwenye nyasi. Bomba la kushusha maji lisiishie mguuni pa ukuta. Lirefushe hadi mita moja na nusu au mbili, au uliunganishe na tangi la kuvunia maji.

Kwa sehemu zinazotuamisha maji, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena na upime yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo unanywa vizuri na tatizo lako ni bonde dogo tu la kusawazisha. Yasiposhuka hata sentimita moja, hapo panahitaji mtaro, au mimea inayopenda miguu yake majini. Kumbuka pia kwamba yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika muda wa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kila wiki ya msimu wa mvua pindua makopo, ndoo na sahani za vyungu, na toboa matairi yoyote yaliyotelekezwa.

Hatua ya tatu: ujue udongo wako

Ujenzi huumiza ardhi. Malori yameishindilia, zege limechanganywiwa juu yake, na udongo uliotoka kwenye msingi umetandazwa juu ya ule mweusi wenye rutuba. Kama nyumba yako ni mpya, anza kwa kuokota vipande vya tofali, mabaki ya zege, misumari na mifuko ya saruji. Hilo si suala la usafi tu. Saruji huongeza alikali kwenye udongo, nyasi zikashindwa kufyonza madini ya chuma, zikawa njano hata kama mbolea ipo tele.

Kisha chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini siku moja baada ya mvua. Ikiingia kwa nguvu ya mkono hadi kwenye mpini, udongo una nafasi. Ikigoma baada ya sentimita tano, mizizi nayo inagomea hapo hapo. Fanya hivyo mahali pengi, hasa kwenye njia za watu na mahali magari yaliposimama.

Kujua aina ya udongo, jaza theluthi ya chupa pana ya kioo kwa udongo, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa kwa nguvu, kisha iache. Mchanga hutulia chini katika dakika moja au mbili, chembe za katikati huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Ukiona tabaka kubwa ni la mchanga, jiandae kumwagilia mara nyingi zaidi na kuweka mbolea kidogo kidogo. Likiwa kubwa la mfinyanzi, adui yako ni kushindiliwa, na usiukanyage wala kuulima ukiwa umelowa.

Udongo uliobana hutobolewa. Tumia uma wa bustani, uzamishe sentimita 8 hadi 10, utikise kidogo mbele na nyuma, uuchomoe, na urudie kila baada ya sentimita 15 hivi. Ni kazi ya jasho, ila huwezi kuipita kwa kununua kitu. Kwa eneo kubwa zipo mashine zinazong'oa vijiti vya udongo, kukodi inatosha. Fanya hivyo nyasi zinapokua kwa nguvu ili ziyafunike matundu upesi, halafu tandaza mboji iliyochekechwa isiyozidi unene wa sentimita moja na uifagie iingie matunduni. Kwa mita za mraba 100, sentimita moja ni mita moja ya ujazo ya mboji. Usizidishe, maana nyasi zilizofunikwa kabisa hukosa mwanga.

Mara moja katika mwaka wa kwanza, peleka sampuli ya udongo maabara. Chota kidogo kidogo kutoka sehemu kumi hivi, kina cha sentimita 10, changanya, peleka mchanganyiko huo mmoja. Nyasi nyingi hupenda kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi au alikali ya udongo, kati ya 6 na 7. Ikiwa chini ya hapo utashauriwa kiasi cha chokaa ya kilimo. Usimwage chokaa kwa kukisia, kwa kuwa ikizidi inachukua miaka kuirekebisha.

Hatua ya nne: itambue nyasi uliyonayo

Nyasi za uwanja ziko katika makundi mawili, na kila kundi lina ratiba yake. La kwanza ni nyasi za joto, ambazo hustawi vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 35 na hulala zikiona baridi. Humo kuna ukoka wenye majani membamba, unaotambaa juu na chini ya ardhi na unaovumilia jua na kukanyagwa lakini hauvumilii kivuli. Nyasi ya kikuyu, nene na yenye kasi, inayopenda mwinuko wenye ubaridi kidogo. Na ile ya majani mapana mazito inayotambaa juu ya ardhi pekee, ambayo ndiyo inayostahimili kivuli kuliko hizo mbili. Kundi la pili ni nyasi za baridi, zinazokua kwa mashina yaliyokusanyika na kupendelea nyuzi 15 hadi 24. Hizo husinyaa katikati ya joto kali na kuchangamka hali ya hewa ikipoa.

Nyasi za joto hupandwa joto linapoanza na mvua zimekaribia. Nyasi za baridi hupandwa joto kali likishapita. Ukigeuza, utamwagilia sana na kuvuna kidogo.

Ukipanda upya, usipande kwenye ardhi ngumu. Lima sentimita 15, changanya na mboji ya unene wa sentimita 3 hadi 5, sawazisha kwa reki, mwagilia, na uache wiki mbili magugu yaote. Yang'oe, ndipo upande. Vipandikizi vya ukoka viweke kila baada ya sentimita 10 hadi 15, fundo moja au mawili yakiwa chini ya udongo. Ukitumia nyasi zilizochimbwa na udongo wake kwa mabamba, ziweke siku hiyo hiyo zilipofika, kingo zigusane, maungio yapishane, kisha uzikandamize. Kwa wiki mbili za kwanza udongo usikauke, kwa hiyo maji kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Hicho ndicho kipindi pekee ambacho umwagiliaji wa juu juu una faida.

Kiangazi kikielekea kwisha

Hiki ndicho kipindi chenye kazi nyingi kuliko vyote. Mbali na gata na mitaro, fagia majani na matawi makavu, na angalia kama kuna tabaka la mizizi na mashina yaliyokufa kati ya nyasi na udongo. Kata kipande kidogo kwa kisu ulipime. Likizidi sentimita moja na nusu linazuia maji kupenya. Lichane kwa reki yenye meno magumu, lakini subiri hadi nyasi zianze kuchipua.

Wakati huu noa visu. Kisu butu hakikati nyasi, kinazichana, na ncha zilizochanwa hukauka zikaupa uwanja rangi ya kahawia siku mbili baadaye. Magonjwa nayo huingilia hapo. Kabla ya kugusa kisu cha mashine ya petroli, chomoa waya wa plagi. Ya umeme, ichomoe kwenye soketi au toa betri. Baadaye utanoa tena kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi. Anayetumia fyekeo naye anoe mara kwa mara, na asafishe kwa kitambaa chenye mafuta ili lisishike kutu.

Mvua zikishika

Sasa nyasi zinakua haraka kuliko utakavyopenda, na hapa ndipo wengi walio wageni wa kazi hii huharibu. Wanaziacha hadi zifike magotini, kisha wanazikata hadi chini ili "zikae muda mrefu". Nyasi hupika chakula chake kwenye majani. Ukiyaondoa karibu yote kwa mpigo, mizizi husimama kukua, jua hufika kwenye udongo, na mbegu za magugu zilizokuwa zikisubiri mwanga huota.

Kanuni ni kukata theluthi moja tu ya urefu kwa wakati mmoja. Ukitaka nyasi za sentimita 4, zikate zikifika 6. Ukoka ni mzuri ukiwa na sentimita 2.5 hadi 4, kikuyu 3 hadi 5, zile za majani mapana 6 hadi 10, na nyasi nyingi za baridi 6 hadi 9. Kwenye kivuli ongeza sentimita moja au mbili, kwa sababu jani refu hukusanya mwanga zaidi. Ikiwa umesafiri na umekuta msitu, shusha kwa awamu, ukiacha siku nne au tano kati ya mkato mmoja na mwingine.

Kata nyasi zikiwa kavu. Badilisha mwelekeo kila mara, ili magurudumu yasichimbe njia na mashina yasilale upande mmoja. Mabaki yakiwa mafupi yaache hapo hapo; huoza ndani ya siku chache na kurudisha naitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) ardhini, kiasi kinachoweza kufikia robo ya mahitaji ya mwaka. Mabaki marefu yaliyojikusanya yatoe upeleke kwenye lundo la mboji, yachanganye na majani makavu kwa kipimo cha sehemu moja ya mabichi kwa tatu za makavu.

Usalama hapa sina mzaha nao. Okota mawe na mifupa kabla ya kuwasha, kwani kisu hurusha jiwe kwa kasi ya kumtoa mtu jicho. Vaa viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, miwani na kinga ya masikio. Watoto na wanyama wawe ndani. Kwenye mteremko, sukuma mashine kwa kukatisha, si kupanda na kushuka. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa.

Mbolea nayo ni ya wakati huu, mvua zikiwa zimetulia, si siku inayotarajiwa mafuriko. Kiasi cha kawaida kwa mkupuo mmoja ni kama gramu 5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba. Namba ya kwanza kwenye mfuko ndiyo asilimia ya naitrojeni, na hesabu yake ni fupi: gawa 50 kwa namba hiyo, utapata kilo za mbolea zinazotosha mita za mraba 100. Urea yenye 46 utahitaji kilo 1.1 hivi. Mchanganyiko wa 17-17-17, kama kilo 2.9. Gawa mafungu mawili, moja ulinyunyize ukitembea kwa urefu, jingine kwa upana, na nyasi ziwe kavu ili punje zisigande kwenye majani. Mwagilia mara moja baada ya hapo, hasa urea, ambayo ikiachwa juu kwenye joto hupotea hewani. Samadi pia ni nzuri sana, mradi iwe imeoza kabisa. Samadi mbichi huunguza nyasi na huleta mbegu za magugu.

Magugu yang'oe udongo ukiwa laini, kabla hayajatoa maua. Yaangalie pia kama mjumbe: magugu ya majani bapa yaliyolala ardhini huelekea kustawi palipobanwa, na kuvumwani hushika palipo na kivuli na unyevu usiokauka. Ukiondoa mmea bila kuondoa sababu, utarudi hapo hapo. Ndago inahitaji subira ya pekee. Utaitambua kwa shina lake la pembe tatu, na chini ina viazi vidogo vilivyounganishwa kwa mnyororo. Ukiipiga jembe unakata mnyororo na kila kiazi kinaanza maisha yake. Ing'oe kwa mkono kila wiki mbili ikiwa bado ina majani machache, kabla haijatengeneza viazi vipya, na usikate tamaa msimu wa kwanza. Dawa za magugu ziwe mwisho. Soma kibandiko kizima, usipulize kwenye upepo, na uhakikishe si ile inayoua kila mmea wa kijani.

Mabaka ya njano yanayopanuka wakati mvua zipo yachunguze kabla ya kununua dawa yoyote. Vuta nyasi kwa mkono. Zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa. Funua kipande cha sentimita 30 kwa 30 uhesabu mabuu meupe yaliyojikunja. Mawili matatu hayana neno, lakini yakizidi matano hadi kumi kuna shambulio. Kwa viwavi, changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji kwenye lita 4 za maji, mwagia mita moja ya mraba, na usubiri dakika kumi. Kama wapo, watapanda juu.

Mvua zikipungua

Hapa ndipo unapojenga ustahimilivu wa ukame. Pandisha urefu wa kukatia kwa sentimita moja, ili majani yakinge udongo na mizizi ishuke. Acha kuweka naitrojeni wiki kadhaa kabla ya ukame au baridi kuingia, kwa kuwa chipukizi laini zitaungua bure. Nyasi za baridi ni kinyume: joto likivunjika, huo ndio wakati wao mkuu wa mbolea na wa kuongezea mbegu kwenye mapengo.

Weka matandazo kwenye miti na vitanda vya maua udongo ukiwa bado na unyevu. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha. Yasirundikwe kwenye shina. Acha pete tupu ya sentimita 10 hivi, la sivyo gome huoza na panya hujificha. Chini ya miti mikubwa, ambako umekuwa ukipambana na nyasi bila mafanikio, tandaza matandazo na uache kupambana. Uwanja hauna sharti la kuwa nyasi tupu.

Ukame

Amua mapema kama utamwagilia au utaziacha nyasi zilale. Ukoka na nyasi nyingine zinazotambaa zinaweza kugeuka kahawia kwa wiki nyingi na bado zikachipuka mvua zikirudi, kwa kuwa mashina yake ya chini yako hai. Kinachozimaliza ni kuyumba: maji mengi wiki hii, hakuna wiki mbili, kisha tena mengi. Ukizilaza, usizikanyage, na usiziwekee chochote.

Ukimwagilia, toa maji mengi kwa nadra. Milimita 25 kwa wiki, pamoja na mvua yoyote iliyonyesha, zinatosha nyasi nyingi, kwa mikupuo miwili. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 100 unakunywa lita 2,500 kwa wiki. Fanya hesabu hiyo ukiangalia bili yako ya maji kabla ya kuamua ukubwa wa nyasi zako. Panga makopo yaliyonyooka chini ya kinyunyizio, washa dakika 20, pima kwa rula. Utajua unachukua muda gani kufikisha kipimo, na kona ipi haifikiwi. Maji yakianza kutiririka kabla ya kipimo kutimia, zima, subiri nusu saa, endelea. Wakati mzuri ni alfajiri: upepo umetulia, jua halijapandisha mvuke, na majani yatakauka mapema. Nyasi zinazolala zimelowa usiku kucha hualika kuvu.

Usifuate kalenda peke yake. Nyasi zenye kiu hugeuka rangi ya kijivu cha samawati, na ukizikanyaga alama ya mguu hubaki. Hapo ndipo umwagilie.

Mti mchanga una haki ya maji kabla ya nyasi. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili, upe maji taratibu hadi yazame, kuzunguka sehemu ilipo mizizi, si kwenye shina.

Baridi

Mahali penye jalidi, yaani umande ulioganda, usitembee juu ya nyasi asubuhi kabla haijayeyuka. Majani yaliyoganda hupasuka na nyayo zako zitabaki kwa wiki. Majani yaliyodondoka yasiachwe yakalala kwa tabaka nene. Yapitie kwa mashine kavu kavu yasagike, au yapeleke kwenye mboji. Mashine isiyotumika miezi mingi imalizie petroli yake kwanza, isafishe nyasi zilizoganda chini, uiweke pakavu.

Miti, mara moja kwa mwaka

Pogoa miti mingi ikiwa imetulia, kabla ya kuchipua na kabla ya dhoruba. Vichaka vinavyochanua kwenye matawi ya mwaka uliopita vipogolewe mara tu baada ya maua, vinginevyo utakata maua ya msimu ujao. Anza na yaliyokufa, yaliyovunjika na yanayosuguana. Usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mwaka mmoja.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kata kutoka chini hadi theluthi ya unene, sentimita 30 kutoka shinani. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho kata kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaoziba kidonda, usiukate. Usipake rangi wala lami juu yake, hazisaidii.

Tawi lililo karibu na waya wa umeme, mti ulioinama juu ya paa, au kazi yoyote inayohitaji kupanda ngazi ukiwa na msumeno wa mashine, muite fundi wa miti. Shirika la umeme liarifiwe kwanza kama waya unahusika, likate umeme kabla mtu hajapanda.